Ndimu, sarafu na tone la maji: hotuba ya fundi tailizi kwa wenye nyumba

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu, hapa Dar es Salaam, chini ya mwembe. Katibu aliyarekodi kwenye simu, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimepunguza vicheko, na pale bodaboda zilipopita tukashindwa kusikilizana nimeruka.

Mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana mliokaa juu ya ukuta, mambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Fundi, njoo utuelezee habari ya tailizi, watu wanalalamika zinachakaa." Wengine mnaziita vigae, wengine marumaru. Leo mtanivumilia, mimi nimezikuta zinaitwa tailizi na nitazeeka nazo hivyo hivyo. Sasa Mwenyekiti, unisamehe, lakini tailizi haichakai kirahisi namna hiyo. Ule ni udongo uliopita kwenye tanuri la nyuzi joto zaidi ya 1,000. Anayebisha apande daladala aende Kunduchi akaangalie yale makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Wazee wa pwani walipachika mabakuli na sahani za Kichina kwenye lipu ya chokaa. Kauri imepigwa na upepo wa bahari miaka yote hiyo. Kinachomomonyoka ni chokaa iliyoishika.

Na nyumbani kwako ni vivyo hivyo. Kinachokufa ni mistari, ile grauti iliyo kati ya tailizi na tailizi. Na wengi wetu tunaiua kwa mikono yetu wenyewe, kwa nia njema kabisa, siku ya usafi, tukiwa na ndoo na brashi. Hicho ndicho nilichokuja kukisema. Najua najinyima kazi. Mke wangu yuko pale nyuma ananiangalia kwa jicho baya.

Mezani hapa nina ndimu, sarafu ya shilingi 200, chupa ya maji, vipande viwili vya tailizi, na vipande vya grauti nilivyobandua juzi bafuni kwa mtu. Naomba mama mmoja aje mbele. Karibu mama. Shika hiki kipande cha grauti. Ni kigumu, si ndiyo? Haya, nakikamulia ndimu. Sema unachokiona tu.

"Kinatoa vipovu. Vidogo vidogo, kama soda iliyokaa wazi."

Umesema vizuri. Sasa chukua hiki cha pili, ndugu yake yule. Hiki nimekilaza kwenye maji ya ndimu tangu jana usiku. Kikwaruze kwa ukucha.

"Kinatoka unga. Eh! Kinavunjika."

Asante mama, kaa. Grauti tunayotumia sisi wengi ni saruji, mchanga laini na rangi. Saruji ina chokaa ndani yake, na chokaa na tindikali hazikai nyumba moja. Hiyo ni ndimu, kitu cha kuweka kwenye mchuzi. Sasa fikirieni ile dawa ya kusafishia choo, na ile asidi inayouzwa kwenye chupa ya maji ya kunywa bila hata karatasi ya jina. Ukimwaga kwenye mistari inachemka, moshi unapanda, na ukisuuza mistari imekuwa myeupe kama siku ya kwanza. Unafurahi. Unamwita jirani aje aone. Hujui kwamba hujaisafisha, umeichuna ngozi. Ile ya juu iliyokuwa laini imeondoka, iliyobaki chini ni ya mikwaruzo na vitundu, na vitundu ndiyo nyumba ya uchafu. Mwezi ujao inakuwa nyeusi haraka zaidi, kwa hiyo unaongeza asidi. Baada ya miaka michache mstari umekuwa mfereji, maji yanashuka chini, na jirani wa ghorofa ya chini anaanza kuuliza doa la darini kwake limetoka wapi.

Na sisi mafundi tusijifiche. Mara nyingi asidi ya kwanza tunaimwaga sisi. Tumemaliza kujaza grauti, tumechoka, hatukupangusa vizuri, ule ukungu wa saruji umekauka juu ya tailizi, kesho yake mwenye nyumba anakuja kukagua. Tunafanyaje? Chupa ya asidi. Dakika 5 sakafu inang'aa, tunapewa hela yetu, tunaondoka, na grauti ina umri wa siku moja! Hata haijakomaa imeshakula sumu. Ukimwona fundi anakuja na chupa isiyo na jina siku ya kukabidhi kazi, mpe soda, mwambie akae. Ule ukungu unatoka kwa kitambaa kikavu na mkono, kama atapangusa siku ile ile.

Kabla sijaendelea, jambo moja ambalo halina mzaha. Kuna watu wanachanganya jiki na dawa ya choo ili ipatikane nguvu mbili. Nguvu inayopatikana hapo ni gesi ya klorini. Kijana wangu mmoja wa kazi alifanya hivyo kwenye choo kidogo chenye dirisha la ukubwa wa daftari. Alitoka anatambaa, macho yanachuruzika, kifua kinambana mpaka jioni. Jiki na asidi visikutane. Hata kwa kupokezana usipokezanishe kwenye sakafu ile ile bila kusuuza kwa maji mengi katikati. Jiki na dawa zenye amonia vilevile. Na watoto msiwatume kuosha choo kwa vitu hivi.

Basi tusafishe kwa nini? Mama mmoja hapa mbele ananiangalia kama nimemnyang'anya kitu.

Sakafu ya tailizi ya kila siku inataka maji na sabuni ya maji kidogo. Narudia, kidogo, kifuniko kimoja kwenye ndoo. Hapa ndipo tunapokosea watu wengi wasafi. Tunamimina sabuni ya unga mpaka povu linafurika, tunadeki, tunaacha ikauke. Sabuni ile haiendi mbinguni, inabaki juu ya sakafu kama utando. Ukitembea peku unasikia mguu unanata. Vumbi likija linakamatwa, na kesho unasema tailizi hizi mbovu zinachafuka upesi. Suuza.

Na maji ya kudekia. Mstari wa grauti uko chini kidogo kuliko uso wa tailizi, hata kwa unene wa ukucha. Ukideki nyumba nzima kwa ndoo moja, ukifika sebuleni yale maji ni chai ya maziwa. Unayasukuma, yanateremka kwenye mistari, yanakauka humo. Mistari yenu haikuchafuka kwa miguu, ilichafuka kwa dekio. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na ukiona maji yamebadilika rangi, mwaga. Najua maji ya DAWASA yana siku zake. Basi afadhali ufagie vizuri na udeki mara chache kwa maji safi kuliko kila siku kwa tope.

Jikoni, nyuma ya jiko, kuna mafuta. Magadi, yale yale ya kuchemshia maharage, yayeyushe kwenye maji ya moto, paka, subiri kama robo saa, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Magadi yanakata mafuta na hayagombani na saruji. Vaa glavu, ngozi nayo ni yako. Bafuni kwenye ukungu mweusi, hapo jiki inaruhusiwa, ikiwa imechanganywa na maji, dirisha wazi, dakika 10, suuza. Usiifanye ya kila siku, hasa kama grauti yako ina rangi, itapauka. Stiliwaya acha kwa masufuria: inakwaruza tailizi, na vile vinyuzi vyake vinabaki kwenye mistari vinaota kutu.

Kuna mzee ameinua mkono. Ndiyo mzee wangu.

"Mimi natumia maji ya kisima, yana chumvi. Ukutani bafuni kuna weupe hautoki kwa sabuni hata ufanyeje."

Mzee, swali zuri. Huo ni mawe ya maji, madini yaliyobaki maji yalipokauka, na kweli sabuni haiyawezi. Hapo ndipo siki inaruhusiwa, ukijua unachofanya. Kwanza lowesha ukuta wote kwa maji, mistari ishibe. Siki iliyochanganywa nusu kwa nusu, ipake juu ya tailizi kwa kitambaa, usimwage. Dakika 2 au 3, pangusa, suuza kwa wingi. Ila dawa yake hasa ni kutoyaacha maji yakauke ukutani. Kile kifaa cha mpira cha kupangusia vioo kitundike bafuni, ukimaliza kuoga vuta mara nne, umemaliza.

Weupe mwingine ni ule unaotoka kwenye mistari yenyewe, kama unga, unafuta leo kesho umerudi. Hiyo ni chumvi inayopanda kutoka chini pamoja na unyevu: mchanga wa baharini usiooshwa, maji ya chumvi kwenye zege, au bomba linalovuja. Huo usishindane nao kwa tambara. Tafuta maji yanatoka wapi.

Sasa twende kwenye sarafu.

Ukifika nyumbani, chukua sarafu, piga magoti, gonga tailizi moja baada ya nyingine. Iliyoshika vizuri inalia tik, sauti fupi, ngumu. Isiyoshika inalia kama debe. Msishtuke mkizikuta. Nyumba nyingi za hapa mjini zina tailizi zinazolia debe, na sababu naijua kwa kuwa niliifanya mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nimepata kazi ya sebule Kimara, tailizi za sentimita 40 kwa 40. Tulifundishwa kuweka madonge matano ya udongo wa saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, unabandika, unagonga, unapima na pima maji, inakaa sawa. Haraka, na udongo unatumika kidogo. Chini ya tailizi panabaki mapango matupu. Halafu mwenye nyumba hakutaka mistari ionekane, alitaka sakafu kama kioo, nikazibananisha, nikazisukuma mpaka ukutani, hakuna nafasi hata ya kupitisha kisu. Nikasifiwa. Mwezi wa saba mwaka uliofuata, saa nane usiku, simu. Mama analia, anasema wamevamiwa, wamesikia risasi sebuleni. Nilifika alfajiri. Safu nzima ya katikati imenyanyuka kama paa la nyumba, tailizi mbili zimeegemeana, chini unaona udongo wangu, madonge matano matano, na mgongo wa tailizi msafi kabisa, kama umetoka kwenye boksi. Haukushika hata kidogo.

Nilirudia ile sebule kwa hela yangu. Nilikula ugali na dagaa miezi miwili. Lakini nilijifunza mambo matatu ambayo tangu siku ile sijayaacha, na nyinyi mnapaswa kuyajua ili mumsimamie fundi.

La kwanza ni nafasi. Zege linaendelea kusinyaa likikauka, tailizi nazo zinatanuka kidogo kwa unyevu na joto. Kidogo sana, huwezi kuona kwa jicho, lakini zidisha mara tailizi 20 zilizopangana. Zikikosa pa kwenda zinasukumana mpaka zinaruka. Kwa hiyo pembezoni mwa chumba acha milimita 6 hadi 10, bila saruji ndani yake. Haitaonekana, sketing, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaifunika. Na kati ya tailizi acha japo milimita 2 au 3, weka misalaba ile ya plastiki. Mteja anayesema hataki mistari, mweleze. Akikataa, mwache atafute fundi mwingine. Mimi sasa nina umri wa kukataa kazi.

La pili ni udongo kujaa. Mwiko wa meno, unatandaza, unachana mistari upande mmoja, unabandika, unasukuma. Halafu unainua moja ukaangalie mgongo wake. Kwenye vyumba vikavu vya ndani, ukikuta angalau asilimia 80 ya mgongo imeshika, nenda. Bafuni na nje nataka 95. Fundi asiyekubali kuinua hata moja mbele yako anaogopa kitu.

La tatu ndilo linalowaponza wengi siku hizi. Angalieni hivi vipande viwili. Hiki ni cha ukutani, hiki cha pili ni poselini, ile tailizi ngumu iliyobana. Nawadondoshea tone moja moja la maji mgongoni. Kijana njoo uangalie karibu. Hili la kwanza limekwenda wapi?

"Limenywewa."

Na hili la pili?

"Bado lipo, limekaa tu kama jicho."

Poselini hainywi maji. Kwa kipimo cha viwandani, isizidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Ile ya ukutani inaweza kunywa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana wazee wetu wa kazi walikuwa wanalowesha tailizi za ukutani kwenye ndoo kabla ya kubandika, zisije zikanyonya maji ya saruji ikakauka kabla ya kushika. Walikuwa sahihi, kwa tailizi ile na udongo ule. Lakini poselini ya 60 kwa 60 ukiibandika kwa saruji na mchanga mtupu, udongo hauna mlango wa kuingilia. Inakaa juu kama sahani juu ya meza. Inataka gundi ya tailizi, ile ya mfuko. Ni ghali, najua. Ukipiga hesabu ya kubomoa utaiona rahisi.

Tailizi hizi nyingi sasa zinatengenezwa hapa hapa, Mkuranga na Chalinze, wala hatungoji meli. Kosa liko kwetu tunaobandika.

Sasa, ukigonga ukakuta debe, usikimbilie kubomoa. Hili nalisema kwa herufi kubwa. Kama tailizi haichezi ukiikanyaga, na mistari yake mizima, iache. Weka alama kichwani, usiweke juu yake mguu wa kabati, endelea na maisha. Nimeona watu wakibomoa tailizi moja iliyolia debe wakavunja nne zilizokuwa nzima. Ikicheza, au grauti inayoizunguka inapasuka kila ukirekebisha, hapo ndipo ina kazi.

Tuje kwenye kurekebisha mistari, maana hii mtu anaweza kuifanya mwenyewe kwa siku moja ya mapumziko.

Kosa la kwanza ni kupaka grauti mpya juu ya ya zamani. Inapendeza wiki mbili, halafu inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Lazima uchimbe, kina cha theluthi mbili za unene wa tailizi. Yaani kama ina milimita 9, shuka 6. Kuna kisu maalumu cha kukwangulia grauti, na kama hukukipata, msumeno mdogo uliokwisha makali unafaa. Grinda inafanya haraka, lakini mkono ukitetemeka kidogo umekata tailizi, na jeraha lile halina dawa. Mimi mwenyewe grinda naitumia kwa mistari mirefu ya sakafuni tu, ukutani nakwangua kwa mkono. Na lile vumbi si vumbi la kawaida, linaharibu mapafu. Nyunyiza maji, vaa barakoa, watoto nje.

Ukimaliza kuchimba fagia, nyonya vumbi, pangusa kwa sponji yenye unyevu. Usimwage maji yakatuama.

Kununua: mistari chini ya milimita 3, chukua grauti isiyo na mchanga. Ikizidi hapo, yenye mchanga, la sivyo itasinyaa ipasuke. Dada pale anauliza kama saruji nyeupe si ni kitu hicho hicho na ni rahisi. Dada yangu, si kitu hicho hicho. Saruji nyeupe tupu inasinyaa, inapata nyufa nyembamba kama unywele, na inanyonya kila kitu. Kwenye nyumba ya kupangisha watu wanaitumia, siwezi kusema haipo. Kwako usiiweke.

Kukoroga ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Weka maji kwanza kwenye ndoo, kwa kipimo cha mfuko, halafu unga. Koroga polepole mpaka iwe kama siagi ya karanga. Iache dakika 5 hadi 10, koroga tena bila kuongeza kitu. Ikianza kukaza baada ya hapo utatamani kuiongezea maji. Usiongeze! Maji ya ziada yakikauka yanaacha matundu, na grauti inakuwa dhaifu, imepauka, kila mstari na rangi yake. Ndiyo maana koroga kidogo kidogo, ya kukutosha nusu saa.

Unajaza kwa mwiko wa mpira, ukiuvuta kwa mshazari, kona hadi kona ya tailizi. Ukiuvuta sambamba na mstari, ukingo wa mwiko unaingia ndani na kuichota. Isukume iingie, usipake kama siagi kwenye mkate. Ikikaza kiasi kwamba kidole hakiachi alama, pitisha sponji, yenye unyevu lakini iliyokamuliwa mpaka haidondoshi tone, nayo kwa mshazari. Upande mmoja wa sponji mara moja tu, geuza, suuza. Baadaye kitambaa kikavu. Usikanyage mpaka kesho.

Pembeni, ukuta unapokutana na sakafu, ukuta na ukuta, na kuzunguka sinki au choo cha kukaa, hapo msiweke grauti. Sehemu mbili zinazocheza kila moja kivyake zitaivunja tu. Hapo ni silikoni, ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu. Toa ya zamani yote kwa wembe, kausha, paka, laza kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Imetosha.

Sasa sila. Hii ndiyo biashara mpya, vijana wanapita na vichupa wanawaambia watu watanyunyizia nyumba nzima tailizi zing'ae. Sila ni dawa ya kuziba vitundu ili maji na mafuta yasiingie haraka. Tailizi yenye kioo juu, ule utando mgumu unaong'aa, haina vitundu vya kuzibwa. Ukiipaka, inakauka juu, inakuwa ukungu wenye alama za vidole, na utalipa mtu mwingine aitoe. Sila ni ya grauti ya saruji, na ya tailizi za udongo zisizo na kioo, na mawe. Grauti ya epoksi, ile ya gundi isiyo na saruji, haiihitaji kabisa.

Kujua kama mistari yako inaitaka, rudi kwenye tone la maji. Dondosha juu ya mstari mkavu, subiri dakika 5. Likikaa kama shanga, sila bado ipo. Mstari ukigeuka mweusi, umekunywa. Chagua sila inayozama ndani, si ile inayotengeneza ngozi juu, kwa sababu sakafu zetu zinapumua unyevu kutoka chini, na ngozi ile itapauka na kubanduka. Grauti mpya ngoja angalau siku 3, masika ngoja wiki, na soma chupa inasemaje. Paka kwa brashi ndogo juu ya mstari, iliyomwagikia tailizi ifute ndani ya dakika 5. Bafuni jaribu tone kila mwaka. Sebuleni unaweza kukaa miaka.

Ila nisikilizeni vizuri hapa. Sila haizibi ufa. Haizuii bafu linalovuja. Tailizi na grauti hata zikiwa nzima hazizuii maji kwa ukamilifu. Kinachozuia ni ile dawa ya kuzuia maji inayopakwa kwenye zege kabla ya tailizi. Kama fundi hakuipaka, bafu la ghorofani likivuja huwezi kulitibu kwa kichupa. Hiyo ni kubomoa, na nawapa pole mapema.

Kubadilisha tailizi moja iliyopasuka, kwa haraka tu maana jua limefika kichwani. Chimba kwanza grauti pande zote nne, hiyo ndiyo inayowaokoa majirani zake. Vaa miwani. Vunja katikati kwa nyundo na tindo, kisha toa vipande ukielekea pembeni, usianzie pembeni. Kwangua udongo wa zamani wote, ushuke chini kupata nafasi ya gundi mpya. Paka gundi chini, paka na mgongoni, laza, linganisha na jirani zake kwa ubao ulionyooka. Siku moja, halafu grauti.

Na hiyo tailizi mpya utaitoa wapi? Hapa ndipo watu wanapolia. Boksi lina namba ya rangi na namba ya kipimo. Tailizi za jina moja, picha moja, zikitoka tanuri la siku tofauti zinapishana rangi, na hata milimita. Miaka mitano baadaye, hata duka lenyewe halina tena. Kwa hiyo siku unajenga nunua ziada, na fundi akimaliza usimwachie mabaki. Ndiyo, najisemea mwenyewe vibaya. Weka boksi moja juu ya dari au chini ya kitanda, na kile kipande cha boksi chenye namba kipige picha. Kama hukuweka, kuna ujanja: toa tailizi nzima chini ya kabati la nguo, iweke mlangoni, na ile ya rangi nyingine ifichwe chini ya kabati. Nimefanya hivyo nyumba nyingi, na wageni hawahami makabati ya watu.

Basi, nimewaambia mlete vipande kutoka nyumbani, naona wengine mmebeba kwenye mifuko. Leteni mezani. Ndimu zipo nne zimebaki, maji yapo, sarafu ni hii. Mzee wa kisima, anza wewe.